Kifaa Kimoja, Wenyewe Wawili: Ugomvi Usioonekana Ndani ya Kompyuta ya Kliniki

Siku ya kliniki ya kisukari huanza mapema. Kabla jua halijapanda, mabenchi yamekwisha kujaa: wazee wenye daftari za kliniki mikononi, kina mama waliobeba chakula cha kutafuna mara wamalizapo kupimwa, vijana waliotumwa kuwasindikiza babu zao. Bibi mmoja anapoitwa chumbani anamkabidhi muuguzi kipima sukari alichonunuliwa na wanawe. Ndani yake mmehifadhiwa vipimo vya wiki sita, vya asubuhi na vya jioni, kila kimoja na tarehe na saa yake. Muuguzi anachomeka waya kwenye kompyuta, anafungua programu, anasubiri. Skrini inaandika kwamba kifaa kinatumika na programu nyingine.

“Sista, kuna nini?” anauliza bibi.

“Kipima chako kimeharibika, bibi. Waambie watoto wakutafutie kingine.”

Tukio la namna hii halihitaji jina la mahali, kwani laweza kutokea popote penye kompyuta na waya wa USB. Muuguzi hakukusudia kudanganya, lakini alichosema si kweli. Kipima ni kizima, waya ni mzima, na kompyuta nayo ni nzima. Kilichopo ni ugomvi kati ya wenyewe wawili ndani ya kompyuta, kila mmoja akidai kwamba kifaa kile ni chake. Bibi anarudi nyumbani na gharama isiyomstahili. Daktari naye analazimika kupanga dozi ya insulini kwa kutazama kipimo kimoja cha asubuhi ile. Iwapo katika wiki sita zile zilikuwamo jioni ambazo sukari ilishuka chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, daktari hatazijua, na huenda akaongeza dozi iliyopaswa kupunguzwa. Hapo ndipo jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao linapogeuka kuwa jambo la afya.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza: kila kifaa cha tiba kinachounganishwa na kompyuta kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, na kituo cha afya kimjue mwenyewe huyo kabla mgonjwa hajaketi kwenye kiti.

Nani hukishika kifaa?

USB ilipotolewa mwaka 1996, nia yake ilikuwa njema. Kibodi, printa na modemu vilikuwa na matundu tofauti nyuma ya kompyuta, na kuunganisha kifaa kipya ilikuwa kazi ya nusu siku. USB ilileta tundu moja kwa vyote. Lakini tundu likiwa moja, lazima awepo anayetambua nini kimechomekwa. Kwa hiyo kifaa kinapoingizwa, kompyuta hukiuliza: wewe ni nani? Nacho hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, kisha hutaja kundi la kazi zake: kibodi, flashi, spika, au kazi maalumu isiyo katika makundi yaliyozoeleka.

Anayeuliza na kupokea majibu hayo ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa ya Linux, Windows au mfumo mwingine, inayogawa kumbukumbu, muda na vifaa kwa programu zote. Kiini kina viendeshi vyake, na kila kiendeshi kinafahamu lugha ya vifaa vya aina fulani. Kiendeshi kinachoitambua namba au kundi lililotajwa hukishika kifaa papo hapo, kabla mtumiaji hajagusa kitu. Nje ya kiini zimo programu za kawaida, mojawapo ikiwa ile ya kusomea kipima sukari. Hizi haziruhusiwi kugusa maunzi ila kwa idhini ya kiini. Hata hivyo, waandishi wa programu za tiba aghalabu hupenda kuzungumza na kifaa wao wenyewe, kwa kutumia maktaba kama libusb, kwa sababu kifaa chao kina lugha ambayo kiendeshi cha jumla hakiielewi.

Ugomvi huanzia hapo. Vipo vipima sukari ambavyo hujitambulisha kuwa ni wa kundi moja na kibodi na vipanya. Kikichomekwa kipima cha namna hiyo, kiendeshi cha jumla cha kundi hilo hukishika mara moja. Programu ya kliniki inapokuja sekunde chache baadaye na kutaka kukishika yenyewe, hujibiwa kwamba kina mshikaji tayari. Kiendeshi kilichokishika hakina matumizi yoyote na vipimo vya bibi, na programu yenye matumizi navyo imefungiwa nje. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakasema pia kwamba wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Kukataliwa ni heri

Aliyechoshwa na ujumbe huo atauliza kwa nini kiini kisiruhusu wote wawili wasome kwa pamoja. Mfanyakazi wa afya anao tayari mfano wa kumjibu. Ufunguo wa kabati la mofini na dawa nyingine zinazodhibitiwa hukaa kwa mtu mmoja katika kila zamu. Zamu inapobadilika, dawa huhesabiwa, daftari hutiwa saini, na ufunguo hukabidhiwa. Hakuna anayeuita utaratibu huo uchoyo, kwani kila mmoja anajua kitakachotokea funguo zikiwa mbili na daftari halipo.

Kanuni ya kiini ni hiyo hiyo: kila kiolesura cha kifaa, yaani kila mlango wake wa kazi, huwa na mshikaji mmoja kwa wakati mmoja. Hatari ya kuiacha kanuni hii huonekana kwenye vifaa vya bei nafuu, zikiwemo baadhi ya oksimita za kupimia oksijeni kwenye damu, ambavyo hutuma namba zao mfululizo kupitia chipu ndogo inayoigeuza USB kuwa mlango wa mawasiliano wa mtindo wa zamani. Katika Windows, programu ya pili ikitaka kuufungua mlango huo hukataliwa. Katika Linux, programu mbili zaweza kuufungua kwa pamoja endapo ya kwanza haikuomba upekee. Hapo kila herufi inayofika huchukuliwa na yule aliyewahi. Namba 125 yaweza kufika kwa mmoja ikiwa 15, na ile 2 ikaangukia kwa mwingine. Kifaa kilichotengenezwa kwa uangalifu huambatisha namba ya ukaguzi ili ujumbe uliokatika ugundulike. Si vifaa vyote vilivyotengenezwa hivyo.

Kwa sababu hiyo, ujumbe wa kukataliwa unaomkera muuguzi ni heri kuliko namba iliyovunjika na kuandikwa kwenye faili bila mtu kujua. Mashine inayosema “siwezi” inamwachia binadamu nafasi ya kutafuta njia nyingine. Mashine inayotoa jibu bovu kwa ujasiri haimwachii mtu chochote. Lawama basi isielekezwe kwenye kanuni ya mshikaji mmoja. Ielekezwe kwenye mshikaji asiyejulikana, na kwenye tiba za haraka ambazo mafundi huzipaka juu ya jeraha.

Kisa cha mashine ya nukta nundu

Tiba za haraka zina madhara, na kisa kimoja cha mwaka 2022 kinayaeleza vizuri. Mwaka huo ulitoka mfumo wa Ubuntu 22.04, unaotumia kiini cha Linux. Ndani yake ilikuwamo programu iitwayo brltty, ambayo kazi yake ni kuendesha mashine za nukta nundu, zile zinazomwezesha mtu asiyeona kusoma skrini kwa ncha za vidole. Watumiaji wengi wa vifaa vya kila aina wakaanza kuona ajabu: wanachomeka waya, mlango unaonekana, kisha sekunde moja baadaye unatoweka.

Sababu ilikuwa namba. Chipu ya CH340, inayotengenezwa China na kutumika katika nyaya na vifaa vingi vya gharama ndogo, hujitambulisha kwa namba 1a86:7523. Kulikuwa na mashine ya nukta nundu iliyojengwa juu ya chipu hiyo hiyo na kubaki na namba hiyo hiyo. Mfumo ulipoiona namba hiyo, uliamini kwamba mashine ya asiyeona imechomekwa, ukaiamsha brltty. Nayo brltty ikakiomba kiini kikiondoe kiendeshi chake, ikakishika kifaa yenyewe. Safari hii ugomvi ulikwenda kinyume: programu ya nje ndiyo iliyomnyang'anya mwenyewe wa ndani.

Ushauri uliosambaa upesi ulikuwa mfupi: iondoe brltty. Kwa mtu anayeona, tatizo liliishia hapo. Lakini programu ile haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ni njia ya mtu asiyeona kufika kwenye kompyuta. Karani wa mapokezi asiyeona, au mwanafunzi wa tiba ya viungo asomaye kwa vidole, akikaa mbele ya mashine iliyoondolewa brltty atakuta mlango umefungwa, na hatajua nani aliufunga. Tiba sahihi ilikuwepo na haikuwa kubwa: kuizima kanuni moja tu inayohusu namba ile yenye utata, na kuiacha programu mahali pake kwa ajili ya mashine nyingine zote. Kati ya tiba hizo mbili tofauti ni dakika chache za kufikiri. Kituo cha afya, kuliko mahali pengine popote, hakipaswi kumponya mmoja kwa kumwumiza mwingine.

Kisomaji cha msimbopau kina funzo jingine. Visomaji vingi hujitambulisha kuwa ni kibodi, na kiini huvikubali hivyo. Namba iliyosomwa kwenye chupa ya sampuli ya damu huingia palipo na kielekezi cha maandishi wakati huo, iwe ni kwenye nafasi ya namba ya sampuli, kwenye faili la mgonjwa mwingine lililoachwa wazi, au kwenye barua. Hapa hakuna ujumbe wa kosa kabisa, maana kwa mtazamo wa kompyuta hakuna kilichokosewa. Programu ya maabara iliyoandikwa vyema huomba ikabidhiwe kisomaji peke yake. Isiyoomba hivyo huyaacha majibu ya mgonjwa yategemee dirisha gani limebofywa mara ya mwisho.

Njia za mkato

Njia ya mkato ya kwanza ni kuchomoa na kuchomeka tena hadi bahati ipatikane. Mara nyingine hufaulu, na kufaulu kwake ndiko kunakoudhuru utaratibu, kwa kuwa sababu hubaki haijulikani na ugomvi hurudi siku ya msongamano. Tena, kuchomoa kifaa kinachohifadhi mafaili wakati kiendeshi bado kinaandika kwaweza kuyaharibu mafaili hayo.

Ya pili ni kuiendesha programu kwa mamlaka kamili ya msimamizi wa mfumo. Programu iliyokatazwa kugusa kifaa kimoja inapewa ruhusa ya kugusa kila kitu: mafaili ya wagonjwa wote, mipangilio ya mtandao, hata kiini chenyewe. Ni sawa na kumpa mgeni funguo zote za hospitali kwa sababu alishindwa kufungua mlango wa choo. Linux ina njia ya kuandika kanuni inayotoa ruhusa kwa kifaa kimoja tu, kwa namba yake, kwa kundi la watumiaji waliotajwa. Mistari michache ya kanuni hiyo ingetosha.

Ya tatu ni kuziacha kompyuta zijisasishe zenyewe bila jaribio. Oktoba 2014, kiendeshi kipya cha chipu za FTDI kilisambazwa kupitia masasisho ya Windows. Kilipokutana na chipu za bandia kiliibadilisha namba yao ya bidhaa kuwa sifuri, na vifaa vilivyofanya kazi jana yake havikutambuliwa tena. Kiendeshi hicho kiliondolewa baadaye. Wamiliki wengi wa vifaa hivyo hawakujua kwamba ndani yake mna chipu ya bandia. Mtengenezaji ana haki ya kulinda bidhaa yake, lakini kifaa cha tiba hakipaswi kuwa uwanja wa ugomvi huo, na kituo kinachosasisha kompyuta zote usiku wa kuamkia siku ya kliniki kimejiweka chenyewe katikati ya uwanja.

Lipasalo kufanywa

Kiwango cha kimataifa cha IEC 80001-1, kilichotolewa mwaka 2010, kiliweka wazi kwamba taasisi inayounganisha vifaa vya tiba na mitandao ya kompyuta ina wajibu wake katika kudhibiti hatari zinazotokana na muunganisho huo. Haiwezi kumwachia mtengenezaji wa kifaa mzigo wote. Wajibu huo hauhitaji fedha nyingi. Unaanza na daftari.

Daftari hilo liorodheshe kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta za kituo, programu inayopaswa kukisoma, kompyuta inayohusika, na fundi wa kuitwa. Kabla ya kununua kifaa kipya, muuzaji aulizwe maswali matatu kwa maandishi. Je, kifaa kinategemea kiendeshi cha kiini au programu yake yenyewe? Je, programu hiyo inahitaji mamlaka ya msimamizi? Je, ikimaliza kusoma, inakirudisha kifaa kwa kiini? Muuzaji asiyeweza kujibu hajakijua anachokiuza. Masasisho nayo yajaribiwe kwenye kompyuta moja, siku isiyo ya kliniki, kila kifaa kikichomekwa na kusomwa.

Waandishi wa programu wana sehemu yao. Pale ambapo kiini kimekwisha fungua njia halali ya kusoma kifaa, waitumie njia hiyo badala ya kumfukuza mshikaji. Kwa vifaa vya kundi la kibodi na vipanya, kwa mfano, Linux huruhusu programu isome ujumbe ghafi wa kifaa huku kiendeshi cha jumla kikiwa mahali pake. Kipima cha bibi kingesomeka kwa njia hiyo bila ugomvi wowote. Ikilazimu kiendeshi kuondolewa, basi kirudishwe kazi inapokwisha, kama ufunguo unavyorudishwa zamu inapoisha. Na ujumbe wa kosa uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, umtaje mshikaji kwa jina kila inapowezekana, na umwambie muuguzi la kufanya.

Muuguzi hatakiwi kugeuka fundi, lakini kabla ya kutamka kwamba kifaa cha mgonjwa ni kibovu, anaweza kukagua mambo mawili. Je, skrini ya kifaa chenyewe inaonyesha vipimo? Je, kinasomeka kwenye kompyuta nyingine? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kuonyesha kwamba huenda hitilafu iko upande wa kompyuta. Maneno ya ujumbe wa kosa yanakiliwe kama yalivyo, kwani “haifanyi kazi” haimsaidii fundi. Kisha vipimo visomwe kwa vitufe vya kifaa chenyewe na kuandikwa kwa mkono pamoja na tarehe, saa na kizio, kwa maana 1 mmol/L ni sawa na takriban 18 mg/dL, na namba isiyo na kizio ni mtego.

Mgonjwa naye asiliache daftari nyumbani kwa sababu kifaa kina kumbukumbu. Ahakikishe saa na tarehe ya kipima chake ni sahihi, na aandike vipimo vyake, hasa vile vya chini. Akiambiwa kifaa chake ni kibovu, ana haki ya kuuliza kwa heshima kama kimejaribiwa mahali pengine.

Yako mambo mengi katika huduma ya afya yanayohitaji madaktari zaidi, dawa zaidi na majengo zaidi, na hayo yatasubiri bajeti. Hili halihitaji kusubiri. Linahitaji mtu wa kuketi na daftari mchana mmoja usio na kliniki, achomeke kifaa kimoja kimoja, na aandike mbele ya kila kimoja jina la mwenyewe. Bibi akirejea na kipima chake kile kile, muuguzi ataweza kumwambia kwamba ni kizima, na daktari atakuwa na wiki sita za kusoma kabla ya kugusa dozi.